Kaka Yupo Ulaya Miaka 6, Bado Anapanda Bajaji: Tumcheke Yeye au Tujicheke Sisi?

Leo sina umbea wa msanii aliyeachana na mtu wake, wala sina picha za nani kahamia kwenye mjengo gani. Najua mmezoea, ila leo naomba mnivumilie. Nina stori ya mtu ambaye hana mfuasi hata mmoja Instagram, kwa sababu hana hata akaunti. Jina lake natia kapuni. Nikilitaja tu hapa, mama mkubwa atanifuata mpaka kazini.

Iko hivi. Desemba tulikuwa na sendofu ya mdogo wetu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaja kutoka Uingereza. Miaka sita hatujamuona zaidi ya kwenye simu. Si mnajua ilivyo, mtu akitoka Ulaya ukoo mzima unakuwa na hesabu zake. MC naye akachochea moto: "Jamani, tunaye mtu wetu kutoka kwa Mfalme Charles, mpisheni apite akatunze!" Vigelegele, muziki juu, kamera zote kwake. Kaka akapita na bahasha yake nyembamba, akampa bi harusi mtarajiwa mkono, akarudi kukaa. Muziki ulikuwa haujafika hata kwenye kiitikio.

Mezani mjomba akamuuliza, "Eti mjomba wangu, kule hasa unafanya kazi gani?"

"Natafiti kompaila, mjomba. Za lugha za fankisheni."

Mjomba akatafuna pilau taratibu, akawaza, halafu akatoa simu yake mfukoni. "Basi niangalizie hii, inaganda ganda." Meza nzima ikacheka. Kaka akaipokea, akakaa nayo dakika kumi. Ilikuwa imejaa video za kufowadi. Akazifuta, simu ikawa nyepesi, na mjomba akaridhika kwamba kumbe ada haikwenda bure.

Usiku kaka akaondoka na bajaji. Kuna mtu akamrekodi.

Asubuhi video iko kwenye status za watu: "Miaka 6 Ulaya, usafiri bajaji." Mchana ikawa kwenye ukurasa wa mchekeshaji mmoja wa mtandaoni, naye jina kapuni, mnamjua. Komenti zikaanza kumwagika. "Huyo alikuwa anaosha vyombo." "Ulaya ya picha hiyo." "Bora angebaki auze vocha." Wala hawamjui, wanaijua bajaji tu.

Na mimi niwe mkweli. Mtu alipoirusha ile video kwenye grupu la familia, niliweka emoji tatu za kucheka. Tatu. Siku mbili baadaye nikaona yale maandishi madogo katikati ya skrini: kaka ameondoka kwenye grupu.

Hapo ndipo nilipomfuata kwa mama mkubwa kumuomba msamaha, na nikakaa naye mpaka saa nne usiku. Nilichojifunza ndio nataka tukijadili leo.

KOMPAILA NI KITU GANI KWANI?

Nimemuuliza mara tatu, kwa hiyo nyie nawaeleza mara moja. Simu na kompyuta hazielewi wanachoandika wale vijana wa programu. Zenyewe zinaelewa maagizo madogo madogo sana ya namba. Kompaila ni programu inayochukua alichoandika binadamu na kukigeuza kuwa maagizo ambayo mashine inayaelewa. Ila sio mkalimani wa kupokea na kupitisha tu. Inakagua, inapanga upya, inafupisha, inatafuta njia ya mkato. Ikikosea, kila programu iliyopita mikononi mwake inakosea.

Lugha za fankisheni ni familia moja ya lugha za programu. Unakumbuka fankisheni za hesabu za sekondari? Fikiria mashine ya kusaga. Ukiweka mahindi unatoka unga, leo, kesho na mtondogoo. Haigusi mahindi ya jirani, na haibadiliki kwa sababu leo Jumatatu. Programu ikijengwa hivyo ni rahisi kujua itafanya nini. Na lugha nyingi za familia hiyo zina kompaila kali: ukijaribu kujumlisha namba ya simu na bei ya nyanya, inakukatalia hapo hapo kabla programu haijamfikia mteja.

Kaka anafanyia kazi lugha moja inaitwa Haskell. Umbea kidogo kwa wapenda umbea: imepewa jina la mwanahisabati wa Marekani, Haskell Curry, ambaye alishafariki. Wenyewe walipokwenda kwa mjane wake, mama wa watu akawaambia kwamba marehemu mwenyewe jina hilo wala hakulipenda. Wakalibakiza hivyo hivyo.

Wazo la lugha hiyo lilipitishwa kwenye mkutano wa watafiti mwaka 1987 kule Portland, Marekani. Toleo la kwanza likatoka tarehe 1 Aprili 1990, na jamani haikuwa Siku ya Wajinga kwao. Kompaila yake kubwa ilianzia Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, na mpaka leo inaitwa kwa jina la mji huo. Ina zaidi ya miaka thelathini na bado watu wanaikarabati. Kaka ni mmoja wa hao.

LUGHA MVIVU

Sasa hapa ndipo nilipocheka, safari hii kwa haki. Haskell inaitwa lugha mvivu, na hilo ni jina lake la kitaalamu kabisa. Haifanyi hesabu yoyote mpaka jibu lihitajike.

Akanipa mfano wa dada wa chips pale kituoni. Dada huyo hakaangi mpaka uagize. Ni akili, kwa sababu hapotezi mafuta kwa chips ambazo hakuna atakayezila. Lakini ikifika saa saba mchana, wateja arobaini, kila mtu ana kikaratasi chake cha oda, vikaratasi vinajaa meza mpaka hana pa kuweka sahani. Angejua mapema kwamba hawa wote lazima watakula, angekaanga mapema na vile vikaratasi visingekuwepo.

Kazi ya kaka ni hiyo. Kuifundisha kompaila isome programu ya mtu na kugundua yenyewe: jibu hili litahitajika kwa vyovyote vile, basi lipige hesabu sasa hivi, usiandike kikaratasi. Na lile jingine huenda lisihitajike, basi liache lilale. Akikosea upande mmoja, programu inakula memori mpaka inakufa. Akikosea upande wa pili, programu inahangaika na kitu ambacho hakikutakiwa, pengine isimalize kabisa.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo siku nzima unafanya nini?"

Akasema anasoma. Anasoma ripoti za watu waliokutana na makosa sehemu mbalimbali duniani. Anasoma msimbo ulioandikwa na watu kabla yeye hajamaliza shule ya msingi. Humo ndani wanaachiana barua, ndefu kweli, za kueleza kwa nini mstari huu uko hivi na usiuguse kabla hujaelewa. Anabadilisha mistari michache. Anazungusha majaribio. Programu nyingi zimekuwa na kasi zaidi kwa asilimia moja au mbili, safi, ila moja imekuwa nzito ghafla. Wiki nzima inaisha akitafuta kwa nini ile moja. Akiipata, anaandika na yeye barua yake, anaiacha kwa atakayekuja.

"Asilimia mbili?" nikamuuliza. "Tu?"

"Dada, asilimia mbili ikipatikana kwenye kompaila wameipata wote wanaoitumia. Na hakuna atakayejua."

ANAYEFANYA VIZURI HAONEKANI

Hilo neno lake la mwisho limenikaa kichwani mpaka leo. Hakuna atakayejua.

Sisi tumekuzwa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi siku hizi naipinga. Kuna vizuri vingi havijiuzi, kwa sababu uzuri wake ni kwamba havionekani. Fundi bomba akifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Maji yanatoka, basi. Utamtaja siku bomba likipasuka. Kompaila ndio bomba la mabomba. Programu inafunguka, unachati, unalala. Hakuna wa kupiga naye selfi.

Mnataka ushahidi? Lile grupu la familia tulilomchekea kaka liko WhatsApp. Na mitambo ya WhatsApp imejengwa kwa lugha inaitwa Erlang, ambayo ni ya familia hiyo hiyo ya fankisheni.

Ilianza mwaka 1986 kwenye maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson, Sweden. Watafiti wachache walikuwa wanatafuta namna ya kuandika programu za mitambo ya simu ambayo haitakiwi kuzimika hata kidogo. Mwaka 1998 kitengo kimoja ndani ya kampuni yao wenyewe kikapiga marufuku lugha hiyo kwenye bidhaa mpya. Yaani umepika chakula chako miaka kumi na mbili, halafu nyumbani kwako wanakwambia hatuli. Desemba mwaka huo huo ikaachiwa bure kwa yeyote anayetaka, na baadhi ya walioijenga wakafungasha virago.

Miaka kumi na moja baadaye, 2009, WhatsApp ikaanza, na wakaiokota lugha iliyokataliwa. Mwaka 2014 Facebook wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Wakati huo ilikuwa na watumiaji kama milioni 450, na wahandisi wake walikuwa 32. Thelathini na wawili! Kwenye kamati yetu ya sendofu tulikuwa zaidi ya hapo na bado soda ziliisha.

Haskell nayo iko kazini. Mwaka 2015 Facebook walieleza kwamba mtambo wao wa kuzuia spamu na matapeli wanauandikia sheria kwa Haskell, na ulikuwa unapokea maombi zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Benki ya Standard Chartered, ambayo jina lake si geni hapa Afrika Mashariki, imekuwa ikitumia Haskell na hata lahaja yake ya ndani inayoitwa Mu.

Kwa hiyo ile video ya bajaji, emoji zangu tatu, na zile komenti za "anaosha vyombo" kwenye status za watu, zote zimepita juu ya kazi ya watu wa aina ya kaka. Tumemtukana mpishi huku tunatafuna.

KWEPA MAFANIKIO KWA GHARAMA YOYOTE

Watu wa Haskell wana msemo wao, ulitolewa na mmoja wa wakuu wao, Simon Peyton Jones: kwepa mafanikio kwa gharama yoyote. Nilivyousikia nikasema hawa watu wana matatizo. Kaka akacheka, akasema usome tena. Unaweza kusoma: kwepa mafanikio, hata ikigharimu nini. Au unaweza kusoma: kwepa yale mafanikio ya kwa gharama yoyote. Usikimbilie kupendwa na wengi mapema, maana ukishapendwa huwezi tena kurekebisha makosa yako. Kila unachogusa kuna mtu analalamika.

Nikawaza mastaa wetu wangapi walipata umaarufu kwa wimbo mmoja, na tangu siku hiyo hawaruhusiwi kuimba kitu kingine. Msemo ule unawahusu kuliko wanavyojua.

Na huyo Peyton Jones mwenyewe ni darasa. Hana PhD. Hakuwahi kuichukua, na bado alikuwa profesa Glasgow. Mwaka 1998 akaenda kwenye maabara ya utafiti ya Microsoft mjini Cambridge, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2021 akahamia Epic Games, wale wa Fortnite, kujenga lugha mpya inaitwa Verse. Kwa hiyo na wewe mdogo wangu unayemaliza bando kwenye gemu, habari ndiyo hiyo.

ILA TUSIDANGANYANE

Sasa najua mnachotaka kuniandikia hapo chini. "Dada, sifa hazilipi kodi ya nyumba." Ni kweli, na kaka ndiye wa kwanza kukubali.

Hii kazi haina mkwanja wa haraka. Watafiti wengi wanaishi kwa mikataba ya miaka miwili, mitatu, halafu unaanza upya kutafuta. Unaandika makala mwaka mzima, unaituma kwenye mkutano wa kimataifa, wanaikataa. Na waliokukataa huwajui. Kwenye mikutano yao mikubwa mwandishi anaficha jina na wasomaji wanaoamua nao hawatajwi. Mimi nilidhani hilo litakuwa linamuumiza. Akanijibu, "Hapo ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyewahi kuniuliza naendesha gari gani."

Nilinyamaza.

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwaambia wengine, na amenipa ruhusa nikiandike. Mkataba wake unaisha mwaka huu. Kampuni moja ya fedha huko huko Uingereza inamtaka, mshahara zaidi ya mara mbili. Hatagusa kompaila tena, atakuwa anaandika programu zao za ndani. Mama mkubwa ana presha na sukari, dawa ni kila mwezi, na bati la nyumba linavuja. Ile bahasha nyembamba ya sendofu? Wiki hiyo hiyo alikuwa amelipia vipimo vya mama. Hakumwambia mtu. Sisi tulikuwa tunapima unene wa bahasha kwa macho.

Nikamuuliza, "Unataka nini?"

"Nataka nimalizie nilichoanza. Nimebakiza kipande. Lakini kila nikifungua simu naona nimechelewa maisha."

MSIMAMO WANGU

Mimi siwezi kumwambia kaka abaki kwenye utafiti. Siyo mimi ninayenunua dawa. Na akiamua kwenda kwenye hela, hakuna aibu yoyote, hela ya halali ni hela, mama anywe dawa na bati libadilishwe.

Ninachokataa ni kitu kimoja. Nakataa aache kazi anayoipenda kwa sababu ya bajaji. Akiondoka kwa ajili ya mama, hiyo ni sababu. Akiondoka kwa sababu sisi tulimchekea, basi tumemfukuza sisi, na hatutajua tumefukuza nini. Pengine ile asilimia mbili. Pengine kitu ambacho baada ya miaka kumi na moja kingeokotwa na vijana 32 mahali fulani.

Kwa nini mtu akifanikiwa lazima tuone? Nani alitupa sisi kazi ya ukaguzi? Tunataka risiti za kila kitu: gari, mjengo, saa, picha ya ndege dirishani. Na matokeo tunayaona, mjini kumejaa watu wanaokodisha gari la picha ilhali nyumbani gesi imeisha. Halafu yule ambaye hakodi kitu, anapanda bajaji kwa sababu bajaji inafika, huyo ndiye tunamrekodi.

Na wewe binti au kijana unayesoma hapa, unayependa hesabu lakini unaogopa kusema mbele ya washkaji kwamba unataka kutafiti kompaila. Fahamu kwamba ile ya Haskell iko wazi mtandaoni, msimbo wote, barua zote walizoachiana humo ndani. Huhitaji viza kuisoma, unahitaji bando na uvumilivu. Ila jiandae kisaikolojia, mjomba atakupa simu utengeneze. Itengeneze tu.

Kaka amesharudi kwake. Nilimtumia voisi ya dakika nne ya kuomba msamaha, tiki zikawa za bluu, akanijibu "Poa dada, yameisha." Kwenye grupu hajarudi na sijamwambia arudi. Mjomba aliniuliza juzi mbona hamuoni kule, maana simu imeanza kuganda tena.

Mchekeshaji wetu yule, kama unasoma, na najua unasoma, video bado iko kwenye ukurasa wako. Unajua cha kufanya.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenye familia yenu nani mlimcheka mpaka akaondoka kwenye grupu? Na ungekuwa wewe ni kaka, ungebaki na kompaila au ungekwenda kwenye hela? Tiririkeni hapo chini, ila matusi nafuta.